Sukari ya Arobaini ya Mama Katina

Nakumbuka Jumanne moja ya mwaka 1983, hapa Buhare, Musoma, asubuhi nilipomwaga ziwani kilo tatu za sukari. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya arobaini ya Mama Katina, mke wa Mzee Yani.

Mwanangu, wewe hukuwakuta watu hao. Walikuwa Wagiriki. Wenzao wengi waliondoka wakati mashamba na viwanda vilipotaifishwa, wao wakabaki, Mzee Yani akitengeneza injini za boti. Mama Katina ndiye aliyenifundisha kushona. Alipofariki, mumewe aliniambia kwamba kwao, siku ya arobaini, huchemsha ngano nzima, wakaichanganya na sukari, na kila aliyefika akala kwa ajili ya marehemu. Ngano aliletewa na dereva wa lori kutoka Arusha. Sukari ilikuwa ya mgao. Nilimpangia foleni mimi, naye akaniachia niitunze, maana kwake wageni wangeimaliza kwenye chai.

Ndipo ukaja msako wa wahujumu uchumi, watu waliodaiwa kuficha bidhaa. Mgambo waliingia nyumba hadi nyumba, na watu wakawa wanatupa sabuni na vitenge ziwani. Kilo tatu hazikuwa kosa, lakini nani angenisikiliza? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliitia sukari kwenye ndoo, nikajifanya naenda kuchota maji.

Sikumwambia Mzee Yani. Nilisema nitamwambia kesho, na kesho yake nikasema vilevile.

Jumamosi, siku moja kabla ya arobaini, alikuja na beseni.

"Binti, nipe mzigo wangu."

"Mgambo waliuchukua, Mzee."

"Mgambo yupi?"

"Sikumjua."

"Nitamjua mimi. Sukari ya marehemu hailiwagi na mgambo."

Akaweka beseni chini, akafunga vifungo vya shati, akashika njia ya ofisi ya kata.

Siku zile, mtu aliyekwenda kudai sukari kwa mgambo, tena Mzungu, hakuwa na uhakika wa kurudi kulala kwake. Nilijua hivyo. Sitakudanganya kwamba nilikimbia mara moja. Nilisimama mlangoni nikimtazama mpaka akafika njia panda. Kisha nikakimbia.

"Mzee, hawakuichukua. Niliimwaga mimi."

"Wapi?"

"Ziwani. Niliogopa."

"Basi samaki wa Musoma wamekunywa chai," alisema, bila kucheka.

Alikaa kwenye jiwe kando ya njia. Akaniambia kwamba alipokuwa mtoto, mji wao wa Smirna ulitekwa na Waturuki ukaungua moto, na Wagiriki wakajazana gatini wakisubiri meli za kuwaokoa. Mama yake alikuwa na picha moja tu ya mumewe, amevaa sare za jeshi la Wagiriki. Akaogopa kwamba ikikutwa watauawa wote, akaitupa baharini. Watoto aliwaambia kuwa askari mmoja ndiye aliyeichukua. Ukweli aliusema akiwa mgonjwa wa kufa.

"Miaka yote hiyo nilimchukia askari ambaye hakuwepo," Mzee Yani alisema. "Wewe umenikawiza siku nne tu. Inuka, twende tukabandike ngano."

Kesho yake ngano ililiwa bila sukari. Balozi wetu wa nyumba kumi alitafuna, akauliza, "Mzee, makande haya, maharage yake yako wapi?" Watu wakacheka. Mzee Yani alinipa kijiko nigawe mimi. Kila aliyeulizia sukari, nilimjibu mwenyewe kwamba niliimwaga.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiharibu kitu ulichokabidhiwa, mwambie mwenye kitu siku hiyohiyo. Hofu iliyokufanya ukakiharibu, watu wataielewa. Lakini ukimsingizia mwingine, unampa mwenzako chuki ya kubeba, na huenda akaibeba maisha yake yote. Mungu akujalie kinywa cha kusema mapema, na siku utakayochelewa, akukutanishe na mtu mwenye subira.