Wageni Walio Ndani ya Uboho

Siku yangu ya kwanza katika labo ya hospitali, hapa Rumonge, Shefu wa labo alinipa kiti karibu na hadubini akasema nisiguse kitu mpaka nijue kuona. Nilikuwa na diploma mpya, na kila hesabu niliirudia nikiogopa kukosea. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, ingawa sijastaafu. Mkataba wangu ndio umekwisha.

Ninayemkumbuka zaidi ni Mama Zaina, aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, na aliyerudi kutoka ukimbizini Kigoma. Alikuwa na saratani ya damu. Vidonge vyake vilitoka Bujumbura, sisi tulimpima. Safari moja matokeo yalikuwa mazuri kabisa, akasema anaacha dawa.

"Damu iko safi. Juu ya nini nimeze tena?"

Shefu, ambaye hakupenda maneno mengi, aliniachia nimjibu. Nikamweleza kwamba damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, ambako kuna seli zinazoilea. Seli za saratani hujishikiza kwa walezi hao, na polepole huwageuza wazilinde zenyewe na kuinyima damu nzuri chakula. Dawa huzimaliza zile zinazotembea, zilizojificha hubaki. Nilipoona hajanielewa nikaongeza mfano, bila kuupima: "Ni kama wageni walioingia nyumba ya watu waliokimbia. Wamekaa mpaka majirani wanawatetea wao."

Akaniangalia, halafu akacheka kidogo. "Kama baba yako mu michikichi yetu ya Kizuka."

Shefu aliinamia hadubini, ingawa hapakuwa na kioo cha damu chini yake. Habari ya baba na shamba hilo niliijua toka utotoni, lakini nyumbani haikusemwa. Minervali, ada yangu ya shule mpaka diploma, ilitoka kwenye mawese ya hapo.

"Sasa nimesikia muzuri," Mama Zaina akasema. "Hao hawatoki kwa siku moja. Nitameza, mwanangu."

Akaendelea kumeza, na kila alipokuja kupimwa aliuliza wageni wake wako namna gani. Nilimjibu kuhusu damu tu, nikiangalia mkono wake nisiangalie uso. Siku yangu ya mwisho kazini alinifungia ndagala za kupeleka nyumbani, akanituma nimsalimie baba.

Mama yangu alizikaanga kwa mawese. Baba akazisifu, akauliza zimetoka kwa nani.

Nikasema nimenunua sokoni.