Kiduara Kilichosimama Mapema

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, ingawa ningefurahi kuisahau. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, natengeneza kurasa za mtandao hapa Bariadi, na kichwa kilikuwa kimenivimba kweli. Zahanati moja ya mtu binafsi ilinipa kazi: muuguzi akiandika jina la mgonjwa, habari zake zote zije mbele yake.

Habari hizo zilitoka sehemu tatu. Jina na umri vilikuwa kwenye kompyuta ya palepale, vipimo vilikuwa maabara, na orodha ya dawa zinazomdhuru mgonjwa ilikuwa kwenye tawi lao la Nyalikungu, kule Maswa, ambako mtandao ulikuwa wa kusuasua. Ukurasa wangu uliziita zote kwa mpigo, na wakati wa kusubiri kiduara kilizunguka katikati ya kioo. Nikawatangazia wauguzi kwa mbwembwe, "Kiduara kikisimama, someni. Habari zimekamilika."

Wakaniamini. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa chumba cha sindano, najisifu kimoyomoyo. Akaletwa Kabula, binti kutoka Nkoma mwenye mimba ya miezi saba, anatetemeka kwa homa, mama mkwe wake kamshika mkono. Daktari alikuwa ameandika sindano ya penisilini. Muuguzi, Mama Minza, mtu mzima aliyekulia Kimali, akaandika jina la binti. Kiduara kikazunguka kidogo, kikasimama. Mbele ya maneno "Dawa zinazomdhuru" palisomeka "Hakuna". Mama Minza akavuta dawa kwenye bomba, akamwambia Kabula ageuke.

Mimi macho yangu yalibaki kwenye kioo. Nikaona lile "Hakuna" linafutika lenyewe, na mahali pake linakuja neno "Penisilini".

Nikaruka nikamdaka Mama Minza mkono.

"Mayu, mama yangu, usichome! Soma tena!"

Alisoma. Akaiweka sindano kwenye sinia polepole, akamuuliza Kabula kwa Kisukuma. Binti akasema mwaka uliopita, huko Maswa, alichomwa sindano kama hiyo akavimba koo, nusura afe. Mama mkwe alikaa chini sakafuni.

Daktari alipokwisha kubadilisha dawa, Mama Minza alinitoa nje.

"Miaka yote namuuliza mgonjwa kwa mdomo wangu," alisema. "Leo sikuuliza, kwa sababu wewe uliniambia kiduara kikisimama nisome. Kwa nini kilisimama?"

Nikamweleza kwa aibu kwamba kila jibu kati ya yale matatu nililiruhusu kukisimamisha, na la karibu lilifika kwanza.

"Kwetu Kimali ng'ombe wakirudi jioni, anayesimama langoni anafunga akishaingia wa mwisho. Wewe umefunga akiingia wa kwanza, halafu ukatuambia zizi limejaa."

Nililia, sikufichi.

Basi sikiliza, maana hata wewe una haraka kama niliyokuwa nayo. Ukurasa wako ukituma maombi mengi kwa pamoja, weka hesabu. Kila ombi likitoka, ongeza moja; likirudi, punguza moja, hata kama limerudi na kosa. Kiduara kisimame hesabu ikifika sifuri, si kabla. Na penye jibu ambalo halijafika usiandike "Hakuna". Andika "Bado inatafutwa". Likishindikana kabisa, sema wazi limeshindikana, ili mtu aulize kwa mdomo wake. Kusubiri kunachosha, najua, na watu watakunung'unikia. Waache wanung'unike.

Mungu akupe akili nyepesi na mikono isiyochoka. Watu wakuamini, mwanangu, na siku wakikuamini, akujalie uwe umestahili.