Msusi Anayeandika Njaa ya Waanzilishi

Saa tatu asubuhi, msusi amekibana kichwa cha bibi mmoja katikati ya magoti yake. Simu iliyo juu ya stuli inarekodi.

"Bibi, mwaka ule wa kwanza mlikula nini?"

"Tulikula mbegu za kupanda, mwanangu. Na ukizidi kunivuta hivyo, hata hilo nitalisahau!"

Hivyo ndivyo anavyoandika kitabu chake kuhusu familia arobaini zilizoingia hapa na mapanga, mji huu ukiwa bado pori la miiba. Waliobaki hai ni tisa. "Kila nikichelewa, sura nzima inazikwa," anasema.

Sura iliyomtoa jasho ni ya nyumbani kwao. Marehemu baba yake husifiwa kuwa hakutetereka. Lakini bibi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walimweleza mengine: njaa ilipokaza, baba alitoroka, akamwacha mkewe na watoto wawili wachanga. Mama alichimba mizizi ya porini, akaichemsha na kumwaga maji mara tatu ili kutoa sumu. Mtoto mmoja hakuvuka. Mvua iliponyesha, baba akarudi.

Kaka yake, aliyezaliwa baada ya njaa hiyo, alipopata habari alikuja juu. "Baba yuko kaburini, wewe unamvua nguo hadharani!"

"Kaka, mficha uchi hazai," alimjibu. Hata hivyo, roho ilimsuta. Akaiweka kando ile sura, mwaka ukapita.

Mwezi uliopita alijikaza akamsomea mama yao, kaka akiwa amesimama mlangoni, amenuna. Mama aliendelea kuchambua maharage mpaka mwisho.

"Ni kweli alikimbia," akasema. "Lakini andika na hili: aliporudi alishinda nje kutwa, hathubutu kubisha hodi. Mimi ndiye niliyemfungulia."

"Mama, mbona hukutuambia?" msusi akauliza.

"Mliniuliza lini? Siku zote mmeuliza habari za baba yenu."

Kaka mtu akaingia ndani, akaketi chini. Akauliza yule mtoto aliyekufa aliitwa nani. Mama akalitaja jina, na kwa mara ya kwanza wanawe wakamwona akilia.

Msusi ameahirisha kwenda kwa mchapishaji. Anataka kuwarudia wale bibi wote.

"Niliwauliza mji ulivyojengwa," anasema, akikung'uta nywele kwenye aproni. "Sasa nataka kuwauliza wao walivyoishi."