Ng'ombe kwa Daktari wa Ngozi

Ukitaka kumuudhi binamu yangu Petronila, mwambie saratani ya ngozi ni ya Wazungu na wenye ualbino peke yao. Hapo ujue umeyakanyaga! Hata kama mko kwenye foleni ya mashine ya kusaga, hatakuachia mpaka uelewe kwamba ipo aina inayoota kwenye unyayo, mahali ambapo jua halifiki, na kwamba hiyo ndiyo inayotuvizia sisi weusi.

Ana sababu. Baba yake, mzee Bartolomeo, alikuwa mkulima wa vitunguu hapa Karatu. Kisigino chake kilipoota doa jeusi, sote tulisema ni mwiba. Tukamchokonoa kwa pini, tukampaka mafuta ya kondoo. Hospitali ilipolitambua, ugonjwa ulikuwa umeshapanda kwenye tezi za kinena. Petronila alikuwa chuoni, akijiandaa kuwa mwalimu. Baada ya mazishi ualimu ukamtoka moyoni, akaingia maabara. Tangu hapo anasoma vinasaba vya doa hilo, akitafuta kosa linaloifanya seli izaliane bila kujua kukoma.

Kilichomkera ni kwamba kila kipande cha doa alicholetewa kilitoka kwa mgonjwa aliyechelewa, na wengi wao aliwazika. Alitaka kulipata doa likiwa changa, kosa la kwanza likiwa bado peke yake na mwenye doa akiwa bado wa kupona. Mwaka jana akapata kibali cha kupima watu Nainokanoka, kijiji cha wafugaji. Mimi Emilian ni dereva wa watalii, na kwa kuwa mvua zilikuwa zimewafukuza wageni, nikampeleka yeye na daktari wa ngozi, Fredrick.

Tangazo alikuwa amelitoa Koinet, mwenyekiti wa kitongoji: daktari anakuja kuangalia miguu. Basi. Sasa kwa wafugaji, daktari akitaja miguu, anasema ule ugonjwa wa miguu na midomo. Tulipofika uwanja ulikuwa umejaa ng'ombe! Madume, mitamba, ndama, wote wamepangwa vizuri wakisubiri kukaguliwa kwato. Nilicheka mpaka nikaegemea usukani. Fredrick alisema turudi.

"Emilian," Petronila akaniuliza, macho yakiwaka, "hawa ng'ombe wameletwa na nani?"

"Na wenyewe, dada."

"Basi wagonjwa wangu wote wapo!"

Akashuka mbiombio kwenye tope. Akawaambia, Koinet akitafsiri, kwamba ng'ombe atawaombea daktari wao, ila leo anawakagua wachungaji. Wavue makatambuga yao ya matairi. Kicheko kilichopasuka hapo kilishtua ndama. Lakini walivua, wakaosha miguu kwenye beseni, mmoja mmoja, wakitaniana nani ana nyufa kubwa.

Mama mmoja, Seenoi, aliyekuja na mtamba wake, alikuwa na doa chini ya kidole gumba, dogo kama punje ya choroko, kingo zake zimepindapinda.

"Yeyo," Petronila akamwita mama kwa lugha yao, "hili lina muda gani?"

"Ni mwiba tu, daktari. Umekataa kutoka."

Neno lile lile! Petronila akaketi chini kwenye majani mabichi, akamshika mguu kwa mikono miwili, akamsimulia habari za mzee Bartolomeo bila kuficha kitu. Seenoi alisikiliza hadi mwisho, kisha akamnyooshea Fredrick mguu akate kipande cha doa kikapimwe.

Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani kweli, lakini bado iko juu juu. Seenoi akafanyiwa upasuaji mjini, doa likaondolewa lote, na tezi moja ya kinena ikatolewa ipimwe kama ugonjwa umepanda. Kipande cha doa kikaenda kwa Petronila, na siku alipokisoma alinipigia akipiga kelele, eti kosa liko moja, moja tu, limekaa wazi kama jiwe kwenye wali! Nilimpongeza. Lakini nilimjua: kulala hakulala, anasubiri jibu la tezi.

Lilikuja tukiwa kwenye mteremko wa Rhotia. Aliisoma simu, akanipiga bega kwa nguvu nikadhani tumegonga mtu.

"Simamisha gari! Tezi ni safi!"

Nikasimama. Akashuka, akarukaruka pembeni ya lami huku analia, malori yakimpigia honi.

"Emilian," akasema aliporudi kitini, pumzi zimemwishia, "huyu atazeeka. Nitamwona mgonjwa wangu akizeeka."