Mikono ya Maporomokoni

Siku hizi nasikia kuna chombo ambacho madaktari hukipachika ndani ya sikio hadi mtoto kiziwi anasikia sauti ya mama yake. Vizuri sana. Binti yangu alipozibwa masikio na homa, akiwa bado mdogo, Kisangani ilikuwa vitani na chombo kama hicho hatukukiota hata ndotoni. Tulikuwa na mikono.

Majirani wa mtaa wetu wa Kabondo walinicheka. Mama mzima ananyoosha vidole sokoni kama anafukuza nzi! Wacha wacheke. Mimi ni mtoto wa wavuvi wa maporomokoni. Pale maji yananguruma mchana kutwa. Aliye juu ya miti ya kutegea samaki hawezi kumsikia aliye mtumbwini, hata akipasua koo. Kwa hiyo tangu zamani wanaongea kwa mikono: simama, vuta, hatari, njoo, piga kasia. Sijasikia mtu akiwaita baba zangu mabubu. Nilimfundisha binti yangu maneno hayo, nikaongeza ya jikoni na kidole cha kusema wewe, na bado nilimsemesha kwa mdomo, kiganja chake kikiwa juu ya koo langu ahisi sauti ikitetema.

Kaka wa mume wangu, ambaye watoto walimwita tonton, hakuona lugha hapo. "Semeki, unapoteza mate bure," shemeji yangu huyo aliniambia. "Soda mwenye bunduki akimuambia simama, huyu mutoto hasikie. Watamupiga masasi. Bon, ninamupeleka Yahuma kwa koko yake, akalime."

Hofu hiyo ilikuwa yangu pia, ndiyo maana iliniuma. Lakini huko kijijini Yahuma, kwa bibi yake, nani angemsemesha? Wangempa jembe, basi. Nikakataa. Mume wangu alinyamaza, na mwanamume akinyamaza mbele ya kaka yake mkubwa, ameshakubali.

Asubuhi tonton akaja, mtumbwi ukimngoja mtoni. Akamshika binti yangu mkono. Mtoto akanitazama usoni, akaona nilivyokasirika, akaelewa yote. Akauchomoa mkono wake. Akamnyooshea tonton kidole, kisha akapiga kasia hewani, kwa nguvu, kuelekea mtoni.

Kunyoosha kidole na kupiga kasia nilimfundisha mimi. Kuviunganisha hivyo hakufundishwa na mtu.

"Anasema nini?" tonton akauliza.

Nilicheka huku machozi yananitoka. "Anasema uende wewe."