Kumsema Mama Koridoni

Fundi Baridi hakuwahi kumwambia mteja kwamba friji lake limekufa. Aliligonga mgongoni, akatega sikio, kisha akasema, "Limechoka tu, liache hapa lipumzike." Basi yakapumzika. Karakana ilijaa mafriji yaliyopumzika hadi wenyewe wakahama mji, na mkewe, aliyekuwa akianika nguo juu ya mafriji hayo, alimwambia waziwazi kwamba ameolewa na mlinzi wa makaburi. Fundi alicheka. Hakuwa mwongo, neno lenyewe ndilo lilikuwa halimtoki mdomoni.

Siku mama yake alipoanguka jikoni akalazwa, akawa anapumua kwa mashine, neno hilo lilimfuata wodini. Daktari, binti mpole mwenye macho ya usingizi, aliwaeleza wanafamilia kwamba ubongo umeacha kazi kabisa, wamepima na kurudia kupima, na kinachopandisha kile kifua ni mashine tu. Akawaomba wakubaliane lini izimwe. Kwa kuwa Fundi ndiye kifungua mimba, wote walimkodolea macho yeye.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Mdogo wake, mwalimu wa hesabu, mtu asiye na mzaha hata kidogo, alisimama kando ya kitanda akasema, "Kaka, tuwe wakweli. Mama hayupo tena."

Mama mdogo, ambaye ni ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, akamfinya mkono. "Shika adabu yako. Unasema hivyo mbele yake?"

Mwalimu akaona aibu kweli. Akamwomba mama radhi, kisha wakatoka wakaenda koridoni ili waendelee kusema kwamba hayupo.

Ikawa ndiyo desturi yao. Wodini walimpasha mama habari za majirani na kumsifia kwamba leo uso umenawiri. Koridoni walipanga mazishi. Mlango ukifunguliwa walinyamaza ghafla kama watoto walioiba sukari. Mama mdogo alikuwa na kisingizio chake kabisa: "Dada, tunatoka kunyoosha miguu." Watu wazima watatu wakanyoosha miguu kuliko wanariadha. Hata daktari aliambukizwa. Alipokuja kuwathibitishia kwamba mgonjwa hasikii chochote, alithibitisha kwa kunong'ona.

Fundi alivumilia mpaka akashindwa. "Daktari, kama hayupo, tunamficha nani?"

"Ni heshima tu, kaka," daktari alisema.

"Heshima kwa nani?"

Mwalimu akajitia kufuta miwani.

"Basi mimi koridoni siendi tena," Fundi akasema. "Kama bado ni mtu, aambiwe. Kama si mtu, hatuna wa kumwogopa. Vyovyote vile, tunasemea ndani."

Akaingia, wengine nyuma yake, akavuta kiti mpaka kitandani. Alimpenda mno mama huyu, na kilichomtisha hakikuwa kifo peke yake. Aliogopa kumzunguka, mwanamke ambaye maisha yake yote hakukubali kuzungukwa na mtu.

"Mama," alisema kwa sauti ya sokoni, hata muuguzi aliyekuwa dirishani akageuka. "Daktari anasema umeshaondoka. Tunataka kuzima mashine. Kama una neno, sema."

Wakasubiri. Kichekesho ni kwamba walisubiri kweli, mwalimu mwenyewe akiwa ameinama na kutega sikio. Daktari aliitupia jicho saa yake, kisha akaona haya, akaifunika kwa mkono wa koti.

"Mpeni nafasi," mama mdogo alisema. "Tangu lini huyu alijibu haraka?"

Wakampa nafasi. Kifua kikapanda, kikashuka. Hakuna aliyejua mtu angojewe muda gani kabla ya kuhesabiwa kwamba ameridhia. Mama mdogo akaanza kulia, na safari hii alilia palepale, mbele ya dada yake, bila kuaga kwamba anatoka.

Daktari akamsogelea Fundi. "Kaka, niizime?"

Fundi alimfuta mama yake jasho ambalo halikuwepo, akamshika kiganja. Kilikuwa na joto. Akajibu ndiyo, lakini sauti ilimkauka, ukatoka mnong'ono mtupu.

"Samahani," daktari alisema. "Sijakusikia."

Ikabidi aseme mara ya pili, kwa sauti, mbele ya mama yake.