Posa ya Baba Ndizi, Ibra Mpaka Manah

Mjomba wangu Nasoro alichoka kula peke yake. Akanitangazia kwamba tunakwenda Manah kumposa Bi Zuwena, mjane aliyemwona harusini na tangu siku hiyo hamtoki moyoni. Mimi niendeshe gari na niseme maneno kwa niaba yake. Sharti lake lilikuwa moja: "Huko Manah, ole wako ulitaje lile jina!"

Lile jina ni Baba Ndizi. Mjomba kazaliwa Bujumbura, na tangu tuhamie huku Omani, mjini Ibra, pakiwa na harusi au msiba, yeye huyo na sufuria lake la ndizi za nyama. Mtaa ukambandika jina, la kwake likasahaulika. Analichukia mpaka basi.

Ibra, asubuhi. Mjomba na kanzu mpya, kilemba kimekaa sawasawa, na manukato mengi hata nikashusha kioo nipate kupumua.

Njiani, mji wa Samad Ash Shan, tulisimama kunywa chai. Mjomba akalalamika: hivi duniani kuna watu wengine waliopachikwa jina na majirani? Mimi ni mwalimu wa historia, mdomo ukaniwasha.

"Wapo, mjomba. Wakristo."

"Wallahi?"

"Wale wa mwanzo wenyewe waliitana ndugu, wanafunzi, watu wa ile Njia. Kitabu chao kinasema walianza kuitwa Wakristo mjini Antiokia. Na wengi huona ni watu wa nje waliowaita: hawa wa Kristo, kutwa Kristo, Kristo."

"Kama mimi na ndizi."

"Naam."

"Nao wakakubali?"

"Mwanzo wenyewe hawakulitumia sana. Baadaye wakalibeba, na wanalo hadi leo."

Mjomba akasonya. "Mimi ningehama Antiokia."

Njia nzima hakunyamaza. Hawakuwa na mkubwa wao wa kukataa? Hawakwenda kwa liwali? Nikaongeza sauti ya redio.

Manah tulipokewa na Sheikh Hamedi, kaka yake Bi Zuwena, aliyekulia Unguja. Nikamwamkia shikamoo, tukala halwa, tukanywa kahawa, nikasema maneno yangu vizuri kabisa. Sheikh akakuna ndevu.

"Kijana, sisi kabla ya kujibu posa huulizia. Nimepiga simu Ibra kwa watu chungu nzima. Nasoro bin Khalfani? Hajulikani! Mtu asiyejulikana mtaani kwake, nimpe dada yangu?"

Nikamtazama mjomba. Akanikazia macho: thubutu! Basi nikalimeza lile jina, na roho inaniuma, maana nilijua jinsi nyumba yake ilivyo kimya jioni.

Sheikh akaita chetezo. Huku kwetu, ubani ukishapita, mgeni anatafuta viatu vyake. Kila mmoja akajifukiza. Moshi ulipofika ndevuni kwa mjomba, akaruka.

"Baba Ndizi! Uliza Baba Ndizi!"

Sheikh akapiga simu tena, akaiweka sauti juu.

"Baba Ndizi?" ikajibu Ibra. "Huyo ndugu yetu! Tulipofiwa na mama alitupikia mpaka tanga likaondoka. Kwani kapatwa na nini?"

"Anaposa."

"Mpeni! Mpeni hata leo!" Nyuma yake watu wengine wakapaza sauti, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele kabisa.

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Bi Zuwena, kumbe alikuwa anasikiliza muda wote. "Kaka, rudisha chetezo ndani, wageni hawaondoki. Na huyo bwana aulizwe: sufuria lake atakuja nalo?"

"Nitakuja nalo!" mjomba akajibu mwenyewe, msemaji nikabaki sina kazi.

Kurudi, tulisimama kutia petroli karibu na Ibra. Mtu akapiga ukelele kutoka upande wa pili: "Baba Ndizi!" Nikajiandaa kwa matusi. Mjomba akashusha kioo, akatoa mkono wote nje.

"Labeka!"

Kisha akaketi vizuri, akafikiri kidogo.

"Saidi, mwanangu. Wale wa Antiokia, labda na wao walikuwa wanaposa."